Bangili Iliyozama Mkononi

Harufu ya shaba inayosuguliwa kwa tupa hunichosha mpaka leo. Nikipita karibu na karakana nikaisikia, namwona bibi yangu, mama yake baba, ameketi juu ya tairi bovu, shuka limefunika magoti, macho ameyafumba.

Tulikaa Basotu, kando ya mashamba ya ngano ya serikali, nami nilikuwa msichana mdogo wa kuchunga ndama. Msimu mmoja wa mavuno, vumbi la mashine likitujaa puani, mwiba wa mgunga ulinichoma nyuma ya kiganja. Kidonda chenyewe kilikuwa kidogo. Nilikikuna kwa kucha zenye uchafu wa zizini, nikasahau. Ngozi ikawa nyekundu, ikashika moto, kisha mkono ukavimba mpaka vidole vikakataa kujikunja. Asubuhi na jioni Bibi aliuloweka kwenye maji ya uvuguvugu yenye chumvi, akiniambia, "Uinue juu, usiuache unaning'inia kama kiwele." Nilicheka, na kucheka kukazidisha maumivu.

Shida ikawa bangili. Ilikuwa ya shaba, nzito, Bibi alinivisha mwenyewe nilipoanza kuchunga. Nyama ilivimba huku na huku hadi bangili ikazama. Sabuni ilishindwa, samli ikashindwa.

Kule zahanati, mganga alinidunga sindano, akabonyeza ncha za vidole vyangu, akakunja uso.

"Mama, vidole vimeanza kupoa. Bangili ikatwe leo hii. Mimi sina kifaa, nendeni karakana ya shamba."

"Hakuna pengine?"

"Hakuna, mama."

Bibi akainamisha kichwa. Nilidhani anaihurumia bangili. Kisha akanishika mkono ule mzima, tukakatiza katikati ya mabua ya ngano iliyovunwa, polepole, akisimama kila mara.

Fundi Petro, kijana wa Endagikot mwenye ovaroli iliyolowa grisi, alivua kofia alipotuona.

"Shikamoo, bibi."

Bibi alimtazama kwa muda mrefu. Fundi akangoja, kofia mkononi.

"Marahaba," akasema mwishowe. "Mkono wa mtoto."

Fundi alipenyeza kipande chembamba cha bati chini ya bangili, akaanza kuisugua kwa tupa taratibu, akimwagia maji kila shaba ilipopata joto. Ilipokatika, damu ilirudi vidoleni kama siafu, nikapiga kelele. Bibi hakufumbua macho.

Baada ya siku chache jipu lilipasuka, mganga akalisafisha, uvimbe ukashuka na kuacha ngozi yenye mikunjo kama ya kizee. Vidole vyangu vyote vipo.

Nilikuwa mtu mzima, Bibi amekwisha kufa, baba aliponieleza. Kaburi la babu lilikuwa ndani ya mashamba yale, na trekta zilikuwa zimelima juu yake. Bibi aliapa kwamba hatakanyaga pale, wala hataitikia salamu ya mtu yeyote wa shamba. Kwa miaka alizunguka njia ndefu kwenda ziwani, nasi watoto tukamwona mkaidi tu. Siku ile alivunja viapo vyote viwili kabla jua halijafika utosini.

Jioni yake alijilaza bila kula. Nilimwuliza kama miguu inamuuma.

"Inauma," alinijibu, nami nikaridhika.