Maji ya Kisima cha Bi Zena

Nakumbuka mchana mmoja pale Zinga, kwenye kitalu cha marehemu shangazi yangu, Bi Mwanahawa, alikuja bwana mmoja wa Mlingotini kutaka michungwa. Shangazi hakumuuliza anapenda machungwa gani. Alimwambia arudi kwao akalete maji ya kisima chake.

Mwanangu Salumu, nisikilize vizuri, maana leo nina hasira na sitaificha.

Yule bwana alirudi na maji kwenye chupa. Shangazi akayaonja, akatema. Akasema chumvi imezidi, kwa hiyo michungwa yake itabebeshwa, yaani itaungwa, juu ya miche ya mchenza ambayo mizizi yake huvumilia chumvi, nayo bado midogo, angoje mpaka mwakani. Bwana akanuna. Mimi na haraka zangu za ujana nikamnong'oneza shangazi kuwa iliyobebeshwa juu ya mlimao iko tayari, tumpe hiyo aende zake. Mlimao hukua upesi, na kwenye mchanga wetu wa Zinga unastawi vizuri tu.

Shangazi akanimiminia kikombe cha maji yale. "Kunywa. Chote."

Nilifika nusu, koo likakataa.

"Wewe kikombe kimoja kimekushinda," akasema, "na mche wa watu unataka uyanywe kila siku?"

Hayo nilikusimulia siku niliyokukabidhi kisu cha kubebeshea. Ukaitikia, "Naam, baba." Kumbe uliitikia tu. Jana Bi Zena, yule mjane wa Mlingotini, kaja na majani ya michungwa uliyomuuzia, yameungua ncha zote. Kile kishamba ndicho tegemeo la wanawe. Hakulalamika. Alinisalimia kwa adabu, akaniuliza kama yeye ndiye aliyekosea kumwagilia. Nilitamani ardhi inimeze. Miche ile iko juu ya mlimao, na wewe ulijua kisima chake kina chumvi.

Sasa shika hili. Usibebeshe mche wa mtu kabla hujajua mizizi yake itakunywa nini. Penye chumvi weka mchenza, hata kama mteja atanuna. Mlimao uache kwenye mchanga wenye maji matamu. Mteja haioni mizizi, amekuamini wewe uione. Ukimdanganya hapo, umewaibia yatima.

Kesho asubuhi utachukua ile michungwa yangu iliyobebeshwa juu ya mchenza, uende ukang'oe ile uliyomuuzia, upande upya kwa mikono yako, na umwombe radhi mbele ya wanawe.

Lakini kwanza, kikombe hicho mbele yako ni maji ya kisima chake. Nimeyafuata mwenyewe leo. Mwenyezi Mungu akutilie baraka mikononi, na kila utakachopanda kizae. Kunywa chote, mwanangu.