Kiatu Ni Changu, Mguu Siujui

Siku yangu ya kwanza ya kazi ya Injili mjini Garissa nilihubiria watu watatu, na mmoja wao alikuja kuuliza kama natia soli. Nilikuwa nimeteremka kwenye lori siku iliyotangulia nikiwa na Biblia, kalibu mbili za mbao za kuundia viatu, na msharasi, ile sindano nene ya fundi viatu ya kutobolea ngozi. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Uhuru ulikuwa mchanga, na kaskazini mashariki vita vilikuwa vimeshaanza, vya Wasomali wa huko waliotaka kujitenga.

Ninyi wahubiri vijana mmeniomba niandike jinsi kazi hii ilivyofanywa zamani. Nitaandika, lakini sitaipaka sukari.

Mimi ni Mtaita. Ushonaji viatu nilijifunzia Mombasa, na huko huko nikabatizwa na Wabaptisti. Kwa wasiotujua, Mbaptisti habatizi mtoto mchanga. Hubatiza mtu mzima aliyeamua mwenyewe, na humzamisha mwili mzima majini. Hatuna askofu. Kila kanisa hujitawala lenyewe kwa kuinua mikono, mwanamke sawa na mwanamume. Juu yetu kulikuwa na Mwangalizi tu, mzee wa kutushauri na kututembelea, asiye na mamlaka ya kuamuru. Huyo ndiye aliyenituma.

"Elia," aliniambia, "kule hakuna mshahara. Utakula kwa mikono yako. Shona viatu, hubiri, na usikubali kuwa karani wa Kaisari."

Kaisari alimaanisha serikali. Nikamwitikia kwa furaha. Ujana ni mwepesi wa kuitikia.

Kitu kimoja Mwangalizi hakukijua. Kwa Wasomali wa wakati ule, kazi ya ngozi ilikuwa ya watu waliodharauliwa, ambao wengine hawakuwaoza binti zao. Mtu wa dini, wanayemwita wadaad, akishika soli ya mwenzake, ni kioja. Walinibandika jina la Wadaad Kabtole, yaani shehe mshona viatu, na sokoni walicheka hadi machozi. Nikaona nina njia mbili, nifiche msharasi au niushike mbele ya watu wote. Nikaweka kiti changu mbele ya duka nililopanga, mahali pa wazi kabisa, nikashona. Baada ya miezi michache kicheko kikaisha na viatu vikaja. Vililetwa na wachungaji wa ngamia, makarani, askari. Mteja aliponikuta nasoma Biblia aliningoja nimalize aya.

Kanisa letu lilikuwa chumba cha mabati tulichojijengea. Washirika walikuwa polisi, madereva, muuguzi mmoja na wake zao, karibu wote wageni kama mimi. Mto Tana ndio uliokuwa kisima chetu cha ubatizo, na Tana una mamba. Basi wanaume wawili walisimama majini na fito ndefu, mmoja upande wa juu, mwingine upande wa chini, wakiyachapa maji huku mimi nikizamisha. Nilijifunza kusema maneno yote ya ubatizo kwa pumzi moja.

Mara nne kwa mwaka nilifanya mzunguko, yaani safari ya kuwafikia waumini wa mbali. Nilikwenda Wajir na, mara mbili tu, Buna, mbali zaidi kaskazini. Hukuweza kusafiri peke yako. Magari yaliandamana, askari mbele na nyuma, na kila dereva alizikazia macho alama za magurudumu ya gari lililomtangulia, maana barabara zilikuwa zimeanza kutegwa mabomu. Serikali iliwaita waliokuwa porini mashifta, yaani majambazi. Wenyeji wengi hawakulipenda jina hilo, maana huko walikuwako wana wao na ndugu zao. Mimi sikuwa upande wa porini. Nilizika watu waliouawa na hao wa porini. Lakini pia niliona ng'ombe wa wajane wakichukuliwa na askari kwa kosa ambalo hawakulitenda, na sikuweza kujifanya sikuona.

Katika wateja wangu alikuwapo Mzee Hassan Gedi, mfanyabiashara wa ngamia, mrefu, ndevu zimetiwa hina. Alikuwa Mwislamu wa kweli na hakunificha kwamba aliniona nimepotea. "Wadaad," alikuwa akisema, "wewe mtu mzuri, lakini iko kitabu moja wewe hajasoma." Nami nilimjibu kwamba yeye naye kipo kimoja hajakisoma. Tulibishana hivyo miaka yote, chai mkononi. Nilimshonea viatu imara, ngozi ya ngamia juu, tairi la lori chini, na kisigino nikakifunga kwa mshono wangu wa nyuzi mbili zilizopishana, ambao hakuna fundi mwingine mjini aliyeujua.

Siku moja alirudi kutoka safari ya Hadado, upande wa Wajir, akiwa peku, nyayo zimepasuka.

"Watu ya bunduki nanikamata njiani," aliniambia kwa Kiswahili chake kisicho na p wala v. "Nachukua ngamia mbili, nachukua fiatu. Mimi nabiga riboti kwa bolisi ya Hadado."

Nikamshonea jozi nyingine, na hatukulizungumza tena.

Wiki chache baadaye, Jumanne, msafara ulishambuliwa kwenye barabara ya Wajir. Aliyekufa wa kwanza alikuwa Musyoka, dereva, mshirika wa kanisa langu. Nilikuwa nimembatiza kwa mikono yangu miwili. Jumatano nilimzika. Mkewe, Mama Ndunge, alisimama kaburini hadi udongo wa mwisho ulipotiwa.

Alhamisi asubuhi mkuu wa usalama alikuja dukani kwangu na askari sita. Jina lake silitaji. Simwogopi, ila ana watoto, nao hawana kosa. Tulimwita Afande Mkubwa. Alinitupia mapajani kiatu cha mguu wa kushoto, kimeokotwa karibu na gari la Musyoka.

"Kazi ya nani hii?"

Nikageuza kisigino. Nyuzi mbili, zimepishana. "Kazi yangu."

"Ulimshonea nani?"

Nilijua. Nilijua kwa ukubwa wa wayo na kwa kiraka nilichokitia mimi mwenyewe. Nilijua pia kwamba mwenyewe alivuliwa njiani. Na nilijua jambo la tatu, kwamba siku zile, jina likishatajwa mbele ya Afande Mkubwa, mwenye jina alichukuliwa kwanza na maswali yakaulizwa baadaye, na wapo waliochukuliwa ambao hatukuwaona tena. Kusema "ni cha Mzee Hassan, lakini aliibiwa" kungekuwa sawa na kusema "ni cha Mzee Hassan". Masikio yale yangeishia hapo.

"Afande," nikasema, "kiatu ni changu. Mguu uliokivaa siku ile siujui."

"Sikukuuliza mguu. Nimekuuliza jina."

"Jina sitoi."

Akainama, akanisogelea. "Wewe ni Mkristo. Aliyekufa ni Mkristo. Hawa watu unaowaficha si wako. Kesho watakukata shingo, na mimi ndiye nitakayekuja kukuokota."

"Utakuja kuniokota, Afande. Lakini jina sitoi."

Alinipiga kofi moja, si kwa nguvu sana, kama mtu anayefunga mlango. Wakanipeleka kizuizini. Mlango wa kanisa ukapigwa misumari mchana kweupe.

Nilikaa ndani siku tisa. Sitawaelezeni yote. Shemasi wangu, Koplo Barasa, mhudumu wa kanisa na polisi wa kituo hicho hicho, ndiye aliyeniletea maji, na kila alipoyaleta alinisihi. "Mchungaji, toa jina. Musyoka alikuwa ndugu yetu. Unamlinda muuaji?"

"Simlindi muuaji, Barasa. Ningemjua muuaji ningemtaja."

"Basi unamlinda nani?"

Nikayanywa maji, nikamrudishia kikombe. Akaenda zake akitikisa kichwa. Msidhani nilikuwa shujaa. Siku ya sita nilikuwa na jina la mzee mdomoni kabisa, limeniganda kwenye ulimi. Nikalimeza pamoja na maji.

Siku ya tisa, saa nne asubuhi, nilisikia sauti nyingi uani. Mzee Hassan alikuwa amerudi kutoka safari ya ngamia na kupata habari. Hakuja peke yake wala hakuja kwa kujificha. Alikuja na imamu wa msikiti wa soko, wazee kumi na wawili wa mji, na nusu ya wachuuzi nyuma yao, wote wamevaa kanzu safi kama wanakwenda swala ya Idi. Nilitolewa nje nikamkuta amesimama mbele ya Afande Mkubwa, amevua vile viatu vipya, miguu peku, mikono wazi.

"Hii fiatu yangu," alisema, na sauti yake ilifika barabarani. "Mimi naibiwa njia ya Hadado. Mimi nabiga riboti kwa bolisi. Uliza kwa simu ya ubebo. Huyu wadaad nakaa jela kwa sababu yangu, na mimi nakunywa chai? Haiwezekani, wallahi. Fungua yeye, funga mimi."

Afande Mkubwa akautazama ule umati. Mtu mmoja kichochoroni anaweza kupotea. Mzee wa mji mbele ya mji wake, jua likiwaka, hapotei kirahisi. Akaagiza simu ya upepo, chombo cha kusemea bila waya, ipigwe Hadado. Tulisimama uani hadi adhuhuri. Hakuna aliyeketi. Jibu likaja kwamba ni kweli, mzee aliandikisha wizi wa ngamia wawili na viatu jozi moja, mwezi mzima kabla ya shambulio.

Afande akanigeukia. Hakuomba radhi. "Msafara wa pwani unaondoka kesho kutwa. Uwemo. Nikikukuta hapa baada ya hapo, hutanisikia nikiuliza swali."

Nyumbani nilikuta barua ya Mwangalizi. Habari zilikuwa zimemfikia Mombasa. Aliandika kwamba nimelitia kanisa hatarini, niombe radhi serikalini kisha nirudi pwani upesi. Yule yule aliyenikataza kuwa karani wa Kaisari! Niliisoma mara mbili, nikaikunja. Mwangalizi hushauri. Kanisa huamua. Nikawaita washirika wakutane kesho yake kando ya mto, kwa kuwa mlango wetu ulikuwa na misumari.

Walikuja tisa. Niliwaeleza yote, nisifiche hata lile la siku ya sita. Kisha nikakaa pembeni, maana mchungaji hapigi kura juu ya kichwa chake. Barasa akaongoza. Wanaotaka Mchungaji aondoke? Mikono minne, na wa kwanza ulikuwa wa Barasa mwenyewe. Wanaotaka abaki? Minne. Mama Ndunge hakuinua mkono upande wowote. Alikuwa amekaa mchangani, kanga nyeusi kichwani, ananitazama.

"Mchungaji," akasema, "ulipoulizwa jina, ulimfikiria Musyoka?"

"Tangu swali la kwanza."

"Na bado ukanyamaza."

"Bado nikanyamaza, mama."

Akageuka kutazama maji. Mto ulikuwa umejaa, maji mekundu, yanakokota matawi.

"Wangemchukua yule mzee," akasema hatimaye, "wangekuja mlangoni kwangu na kuniambia, mama, shauri la mumeo limekwisha. Na waliomwua wangekuwa porini wanacheka. Mimi sitaki kudanganywa juu ya kifo cha mume wangu." Akainua mkono. "Abaki. Na anayemwogopa Afande aondoke yeye."

Barasa akasimama. Kisha akasema kwa sauti ya kituoni, "Kanisa limeamua. Mchungaji anabaki." Alikuwa amepiga kura kinyume changu, na ndiye aliyekwenda kumwambia Afande Mkubwa uso kwa uso kwamba siondoki. Ilimgharimu tepe za ukoplo. Hakuwahi kunilaumu, na nilimshonea viatu hadi alipostaafu.

Msafara uliondoka bila mimi. Siku hiyo nilikaa kwenye kiti changu mbele ya duka tangu asubuhi, nashona, nangoja. Askari walipita mara tatu, hawakusimama. Sikujua wakati ule kwamba Mzee Hassan na wenzake walikuwa wameketi katika duka la mkabala kutwa nzima, wakinywa chai wasiyokuwa na hamu nayo, ili nikichukuliwa nichukuliwe mbele ya macho yao. Afande Mkubwa alihamishwa mwaka uliofuata. Hakuna aliyemsindikiza.

Mlango ule haukufunguliwa hadi vita vilipokwisha. Tuliabudu kando ya mto kila Jumapili, mchana, kwa sauti kubwa kuliko tulivyohitaji. Waliomwua Musyoka hawakujulikana. Mama Ndunge alizeeka akiwa mshirika wetu, na mwaka baada ya mwaka aliniuliza kama nimesikia lolote, nami sikuwahi kuwa na jibu. Hilo ni deni ambalo sikuweza kumlipia, na sitajidai vinginevyo.

Mzee Hassan alifariki akiwa Mwislamu, kama alivyoishi. Wapo waliokuja kuniambia kwamba hapo kazi yangu ilishindwa. Nawaambia, sikutumwa kumnunua mtu kwa siku tisa za jela. Mazishini mwanawe alinishika mkono akaniweka karibu na mlango wa msikiti, mahali pa jamaa, nikangoja hapo wakati wakimsalia.

Nilihudumu Garissa hadi magoti yalipokataa. Siku ya kustaafu, kijana aliyechukua nafasi yangu aliniomba neno moja la kumwongoza. Alivaa suti nzuri, na katika viti vya mbele walikuwa wameketi wakubwa wa mji aliowaalika.

"Akija mkubwa kanisani, mpe kiti," nikamwambia. "Mimbari usimpe."

Akatabasamu, akapunguza sauti. "Na akiichukua kwa nguvu, Mchungaji?"

"Toka nje uhubiri juani. Jua la Garissa nalijua mimi. Linachoma, lakini haliui."