Sauti ya Bata Bukini

Bata bukini nilimpa sauti ya shangazi yangu. Nilifanya makusudi, na nilifanya mazoezi.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku ziwani, upande wa Mbamba Bay. Jumamosi mchana huwa natafsiri sinema za katuni kwenye banda la video la jirani: picha inakwenda kwa Kiingereza, mimi nashika kipaza sauti na kusema Kiswahili juu yake, mara niwe simba, mara sungura, mara mama mkwe wa sungura. Watoto wanacheka mpaka wanadondoka kwenye mabenchi. Sifa hizo zilipanda milima hadi kwetu Mbinga, na mwaka juzi shangazi akanipigia simu. Yeye ni dada wa marehemu baba, na ni mwenyekiti wa kwaya ya parokia. Alisema wamepata projekta, wanataka kuwaonyesha watoto sinema ya Krismasi siku ya pili ya sikukuu. "Tuna msanii wetu wa nyumbani, mwanangu, kwa nini tuhangaike?"

Msanii wetu! Nilikubali hata kabla hajamaliza.

Miaka yote ya utoto wangu, ubeti wa kwanza wa wimbo wa Noeli katika parokia ile aliimba mama yangu, peke yake. Aliimba pia akichimba ngolo, yale mashimo tunayolima kwenye miteremko ya Umatengo, na ukiwa ng'ambo ya bonde ulijua amefika wapi na kazi. Baba alifariki. Desemba iliyofuata, katikati ya mazoezi, shangazi alimsimamisha. Alikohoa mara mbili, ndiyo kawaida yake, akasema, "Wapendwa, nasema kwa upendo. Wifi, sauti yako siku hizi inaliza watu. Krismasi siyo matanga." Ubeti akampa binti yake wa kumzaa. Nilikuwa nimekaa sakafuni na madaftari ya nyimbo mapajani, nina miaka kumi na moja.

Mama alisema, "Haya, wifi." Hakuimba tena. Si kanisani, si shambani, si jikoni. Nilikuwa chuoni alipokufa.

Mimi nikajifunza kumwigiza shangazi. Nilimwigiza bwenini, nikamwigiza chuoni, nikamwigiza jikoni kwangu mpaka mume wangu akaniomba nipumzike. Kikohozi, "wapendwa", ile namna yake ya kutabasamu huku anakukata. Nilimnoa kama panga la kazi moja.

Sinema walinitumia kwenye simu wiki tatu kabla. Ni zizi katika nchi ya theluji, wanyama wanaandaa nyimbo za mkesha. Kiongozi wa kwaya ni bata bukini mnene aliyefunga kitambaa shingoni, na anamfukuza kondoo jike mzee kwa sababu sauti yake imechoka. Mwishoni kondoo anaimba na zizi zima linatoa machozi. Niliitazama mara ya kwanza nikiwa napara samaki, nikaweka kisu chini. Nilisema Mungu yupo.

Siku yenyewe mvua ilinyesha tangu asubuhi. Ukumbini walikuwa wameziba madirisha kwa mablanketi. Nilimpa shangazi shikamoo, nikamkabidhi mfuko wa usipa, wale dagaa wetu, nilioupandisha kutoka ziwani, naye akanishika mkono na kunitambulisha kwa watoto kana kwamba yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Kisha akaketi mbele kabisa, kwenye kiti cha plastiki chenye mikono.

Bata akafungua mdomo. Nikakohoa mara mbili. "Wapendwa, nasema kwa upendo."

Halafu kule nyuma, walikokaa akina mama wa kwaya, mtu akaguna ndani ya kanga yake, na kicheko kikaja mbele benchi kwa benchi. Watoto wengi hawakujua anachekwa nani, ila walishika haraka. Bata alipotokea tena nilikohoa tu, wao wakamalizia kwa pamoja, "Nasema kwa upendo!" Kwa mwanga wa picha nilimwona shangazi ameshika mkoba kwa mikono miwili, shingo imemkakamaa. Binti yake aliinama, anajifanya anatafuta kitu sakafuni.

Nilisikia raha, sitaficha. Nikamwongezea bata maneno ambayo hayakuwemo. Nikamfanya asifie kitambaa chake. Nikamfanya agawe nyimbo zote kwa vifaranga vyake.

Lakini nilikuwa nimepanga kummalizia kwenye kondoo. Ningezima sauti ya sinema na kuimba mwenyewe ule ubeti, kwa sauti ya mama, ili shangazi asikie alichokinyamazisha. Sehemu hiyo sikuifanyia mazoezi. Nilidhani sauti ya mama mzazi mtu haifanyii mazoezi.

Nikazima. Kondoo akainua kichwa. Nikafungua mdomo, nikaitafuta sauti, haikuwepo. Maneno nilikuwa nayo. Wimbo wenyewe kila mtu anaujua. Ila alivyouingia yeye, alivyouvuta, kama aliuanzia chini au juu, sikukumbuka chochote. Nikakohoa, mara mbili.

"Nasema kwa upendo!" watoto wakapaza sauti, wakacheka hadi basi. Kondoo akachezesha mdomo kimya mpaka wimbo wake ukaisha.

Baadaye watoto walipokuwa wanagombania maandazi, shangazi alinifuata nikiwa nakunja nyaya. Nilimsubiri atukane, majibu nilikuwa nayo tayari.

"Ulitaka kuimba kama mama yako," alisema.

Niliendelea kukunja nyaya.

"Mama yako alikuwa haanzi na neno. Anaanza na pumzi, halafu anaingia juu. Hivi."

Akaimba. Maneno manne, labda matano, kwa sauti ndogo, katikati ya kelele za maandazi. Alikuwa ni mama. Alikuwa mama kabisa, ndani ya mdomo wa huyu mwanamke, aliyesimama ubavuni kwake miaka yote ile akiimba sauti ya pili, akamfunga mdomo, akabaki naye. Mimi nilikuwa nimetunza kikohozi.

"Rudia, shangazi," nilisema. Kisha nikasikia nasema, "Naomba."

Alifunga mkoba wake. "Mwakani, tukijaliwa uzima." Akaenda kuwazuia watoto wasivunje viti.

Krismasi iliyopita alisema koo linamuuma. Safari hii amesema tutaona. Sijamsamehe na sina mpango huo. Lakini simu ya kutoka Mbinga ikiita alfajiri, kabla sijaipokea namwomba Mungu isiwe habari ya msiba wake.