Maganda Mapya ya Silima

Silima hakubisha hodi. Aliingia na viatu vyake, akamwaga mfuko wa maganda ya risasi, mapya, ya shaba, juu ya jamvi la nduguye Nyange.

"Nguruwe washamaliza muhogo wangu. Wasasi twatoka kesho. Nitilie baruti."

Miaka minne hawasemezani, na tumbo lililowazaa ni moja. Ganda alilolijaza Nyange lilimpasukia Silima bundukini, likamwachia vidole viwili mkono wa kulia. Nalo lilionekana jipya. Nyange alikuwa amelisugua kwa ndimu na majivu kama masinia ya harusi, akapumbazwa na mng'aro, ufa wa kitakoni asiuone. Ujinga mtupu, lakini ujinga si uadui. Alimweleza kila mtu kijijini Tumbe. Silima alikataa kusikia, na watu hawakukosa la kusema: kikulacho ki nguoni mwako.

Sasa Nyange alipata nafasi ya kuaminiwa tena na nduguye, na hakuna alichokitaka zaidi duniani. Ndimu hakuigusa. Alilipima urefu kila ganda, akalipiga tupa mdomoni kuondoa makali, akaligeuza juani kutafuta ufa. Lililomtia shaka alilirusha uani.

"Watupa mali yangu?"

"Natupa mauti yako."

"Mauti yangu wayajua weye."

Neno lilimchoma Nyange. Akapima baruti, akajaza, akakaza risasi juu yake, Silima kamsimamia kichwani kama askari wa jela. Alipomaliza, Silima akamsukumia bunduki kifuani.

"Anza weye. Nami nione nkono wako ukiruka."

Nyange akatoka nyuma ya nyumba, akalenga kisiki cha mnazi, akapiga bismillahi na kufyatua. Kisiki kikatoka vibanzi. Akalichomoa ganda, zima, lina moto, akarudi nalo mbio. Mtu mzima yule alikuwa akicheka huku machozi yanamtoka.

"Umeona, ndugu yangu? Zima! Tazama!"

Silima akaligeuza kwa vidole vyake viwili. Akatazama kitako, akatazama mdomo, akarudia tena kitako. Hakuona ila wala ufa.

"Kumbe kazi waijua," akasema. "Basi siku ile ulikusudia."

Akazoa risasi zake, akenda zake. Lile ganda alilitupa kizingitini.