Kombe Nililomnywesha Mke Wangu

Nilikuwa karani wa mizigo bandarini Kipevu mpaka nikastaafu, na kazi ile ilinifunza jambo moja: karatasi ikisema mashuka, fungua kasha uone. Tabia hiyo nikaja nayo nyumbani, Changamwe.

Mke wangu mgongo ulimkaza. Akawa anasali kitini, na akitoa salamu hufuta macho. Alitaka kitu kimoja tu, paji lake liguse tena msala akisujudu. Jirani akampeleka kwa mjane wa Kihindi aliyefundisha yoga wanawake wa mtaa, ghorofani, juu ya duka la vipuri vya malori. Baada ya wiki chache aliweza kuinama akafunga viatu vyake.

Badala ya kushukuru, nilianza kumchunguza. Mbona anarudi akitabasamu? Mbona anakaa kimya, macho kayafumba, kama anayesikiliza mtu?

Asubuhi moja nikamfuata, nikasimama ngazini. Lori lililokuwa likinguruma barabarani lilipopita, nikamsikia yule mjane: "Wewe si mwili huu unaouma. Aliye ndani yako na aliye ndani yangu na aliye katika kila kitu ni huyo huyo. Hakuna wawili."

Nikaona hiyo ni shirki ya wazi, kumfanyia Mungu mshirika. Sikungoja neno jingine.

Nilikwenda moja kwa moja kwa maalim, akaniandikia kombe: aya za Kurani kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaziosha kwa maji ya waridi. Nikampelekea mke wangu. "Dawa ya mgongo," nikamwambia. Akapiga bismillahi, akanywa hadi tone la mwisho, kisha akaniombea dua.

Siku ya Ijumaa maalim akakutana naye njiani. "Je, bibi, yale ya Wahindi yamekutoka?"

Alirudi nyumbani, hata buibui hakuvua.

"Bwana, wanishuku dini yangu?"

"Nilisikia kwa masikio yangu. Eti hakuna wawili!"

"Na nilivyomjibu, ulisikia?"

Nikamvutia kiti; hakukaa.

"Nilimwambia, mama, mimi na Mola wangu ni wawili. Yeye kaniumba, mimi nimeumbwa. Akacheka, akasema, 'Haya, basi lete huo mgongo.' Hiyo ndiyo dini tuliyosomeshana mimi naye."

Hapo ndipo nilipopaswa kuomba radhi. Badala yake nikamkataza kwenda, maana nilikuwa nimeaibika, na amri ndiyo iliyokuwa karibu na ulimi. Akatii. Nilipokuja kulegea mwaka ulikuwa umepita, na mjane alikuwa amehamia ng'ambo kwa binti yake. Mke wangu alijaribu peke yake zile hatua alizokumbuka, lakini mgongo ukakataa.

Falsafa ile sijaiamini, na bado naishuku. Ila sasa najishuku mimi kwanza.

Tukisali nyumbani mimi ndiye imamu wake. Nasema Allahu akbar, nakwenda chini, na kila mara najua kwamba nyuma yangu kuna paji lisilofika.