Upande wa Mbale wa Pete ya Mama

Wiki iliyopita nilipeleka hereni ya binti yangu kutengenezwa Jinja mjini. Jiwe lake lilikuwa limechomoka. Kijana aliyekaa nyuma ya kioo aliitazama, akatoa kichupa cha gundi, akatia tone, akabandika jiwe, akapuliza. "Tayari, mama." Mimi hata kukaa vizuri kwenye kiti nilikuwa sijakaa. Nilimshukuru, maana kijana hana kosa lolote, lakini nilitoka nje, nikashika njia bila kujua ninakwenda wapi. Binti yangu alinifuata mbiombio akiuliza kulikoni. Ningeanzia wapi kumweleza? Hebu nikueleze wewe, labda nami nitatulia.

Baba yangu alikuwa sonara wa fedha. Karakana yake ilikuwa kibaraza kilichozibwa kwa mabati upande mmoja, mtaa wa nyuma ya soko, hapohapo Jinja. Ndani mlikuwa na meza moja nene iliyoungua kila mahali, taa, fuawe ndogo ya chuma ya kupondea fedha, tupa za kila ukubwa, na harufu ya moto na msasa iliyotufuata hadi nyumbani kwenye nguo. Asubuhi akina mama wa ufukweni Masese walipita na mabeseni ya mukene kichwani, na vile visamaki vilinuka hadi ndani. Jirani yetu, mama mmoja Msoga, alikaanga mandazi mlangoni kwetu na kuuza chai, kwa hiyo kelele za nyundo zilichanganyika na za mafuta. Mwalimu wangu shuleni alizoea kusema kwamba mimi nina mchwa kwenye kiti. Alikuwa hajaiona familia nzima! Baba mwenyewe hakujua kukaa. Mguu wake ulitikisika chini ya meza, akiinuka anazunguka kibaraza, akirudi anainuka tena. Ni wakati wa kutia jiwe peke yake ndipo mguu ule ulipotulia.

Wateja wake wengi walikuwa wazee wa msikitini waliotaka pete za akiki. Unazijua, pete nzito za fedha zenye jiwe jekundu kama chai ya rangi. Baba alikata utepe mwembamba wa fedha, akauzungusha kwenye jiwe, akauunga kwa lehemu, kisha akaulehemu juu ya pete. Hapo unapata kama kikombe kidogo, chenye ukingo uliosimama. Chini alitandaza vumbi la mbao, kwa sababu jiwe likikaa juu ya chuma kitupu hupasuka siku pete ikigongwa. Juu ya vumbi alilaza kipande cha uzi, mwisho wake ukining'inia nje. Jiwe likikataa kukaa sawa, unavuta uzi linatoka. Ukisahau uzi, utabaki kuipiga pete ubaoni na kumwomba Mungu.

Sasa sikiliza, kwa maana hapa ndipo penye kazi. Ule ukingo unausukuma ulalie jiwe, kwa kijiti cha chuma chenye mpini wa mti. Wasiojua huzunguka nao kama anayefunga kifuniko cha chupa, na fedha yote ya ziada wanaisukuma mbele yao hadi inakusanyika mahali pamoja na kufanya kunyanzi. Kunyanzi ile haitoki tena. Baba alikwenda kwa pande. Pete ikiwa imebanwa mbele yake, upande wa mbali aliuita Kibla, wa kifuani kwake Ziwa, wa kushoto Kampala, wa kulia Mbale, kwa kuwa ndivyo kibaraza chetu kilivyotazama. Alisukuma Kibla, akavuka hadi Ziwa, akaenda Kampala. Mbale ilikuwa ya mwisho, na hiyo hakuisukuma yeye. Ilikuwa desturi ya karakana ile, na ya babu yangu kabla yake: upande wa mwisho anaufunga mwenye pete. Mzee anaitwa, anakaa, anapewa kijiti, anasema bismillahi, anasukuma. Baba hulainisha baadaye, lakini mkono uliofunga ni wa mwenyewe. Wapo walioona upuuzi. Baba aliwaacha waone.

Mama alikuwa na kiti chake mkabala na baba, akisugua bangili kwa majivu na ndimu mpaka zing'ae. Naye alikuwa vilevile, mtu wa kuchungulia barabarani. Wateja walipoanza kupungua alisema Mbale kuna biashara, vitenge vinatembea, Wakenya wanashuka na magari yao kununua na kuuza. Baba alisema hewala. Mama akaondoka baada ya Idi, akapanga vyumba viwili mtaa wa Namakwekwe, kimoja cha kulala na kimoja cha mbele kilichotazama barabara. Alisema atakaa mpaka biashara ishike. Biashara ikashika, naye akabaki hukohuko. Hakukuwa na ugomvi niliousikia. Ningeusikia, angalau ningejua wa kumkasirikia.

Mimi nikawa mtu wa njiani. Likizo nilikuwa Mbale, shule zikifunguliwa nilikuwa Jinja, na wikiendi nyingine nilikabidhiwa kwa kondakta wa basi aliyetufahamu. Mbale nilikula malewa, yale machipukizi ya mianzi yaliyopikwa kwa karanga, nikatazama maporomoko yakishuka ule ukuta wa mlima wa Wanale, na muda wote niliwaza kama baba amekula. Nikirudi Jinja na kukalishwa mbele ya samaki wa ngege wa kukaanga, niliwaza nani amemsaidia mama kufunga mlango wa duka. Popote nilipokuwa, nusu yangu ilikuwa imekwisha kuondoka.

Halafu jiwe la pete ya mama likalegea. Ilikuwa pete yake ya ndoa, akiki ndogo, baba aliitengeneza mwenyewe wakati wa posa. Kubeba marobota ya vitenge kuliusaga ukingo hadi ukawa mwembamba kama karatasi. Mama aliivua akanipa. "Peleka kwa baba yako, atengeneze."

Baba aliupokea mzigo ule kwa mikono miwili. Alikata ukingo wote wa zamani, akaweka mpya, akatia vumbi la mbao, akalaza uzi, akarudisha jiwe. Akasukuma Kibla, akasukuma Ziwa, akasukuma Kampala. Kisha akaweka kijiti mezani, na mguu ukaanza kutikisika.

"Hii upande imebaki ni ya mwenyewe," akaniambia. "Ambia mama yako akuje afunge."

Nadhani unaelewa furaha niliyokuwa nayo. Mtoto hahitaji kuelezwa sana. Mama atakuja, atakaa kwenye kiti chake, atafunga pete, na akishakaa pale ataanzaje kuondoka? Nilihesabu mambo yote kuwa yamekwisha. Nilipofika Namakwekwe sikungoja hata kuvua viatu, nikamwambia.

Mama alikuwa anapima kitenge kwa mkono. Hakuacha kupima. "Ambia baba yako mimi niko na kazi. Afunge tu."

Nikarudisha jibu. Baba akasema, "Mimi siwezi funga. Hiyo si kazi yangu." Safari iliyofuata alinipa pete yenyewe, ili mama aione ilivyopendeza. Aliifunga kwa uzi ule uliobaki nje, akaizungushia kitambaa. Mama aliichukua mlangoni kwenye mwanga, akaigeuzageuza, na nikaona anatabasamu. "Baba yako kazi anajua," akasema. "Hata ukingo amefanya mzito, anajua mimi nabeba marobota." Nikadhani amekubali. Akaikunja kwenye kitambaa chake na kunirudishia. "Mwambie kazi ni nzuri. Sasa amalize."

Ikawa hivyo, miezi na miezi. Pete ilikwenda, pete ilirudi, na kila mara ilibeba maneno kidogo. Mama aliniambia nimuulize baba kama kifua kimepona. Baba aliniambia nimwambie mama kifua kimepona, na je, mvua za Mbale haziharibu vitenge? Njia nzima nilikandamiza jiwe kwa dole gumba juu ya kitambaa. Lilicheza ndani ya kikombe chake, nilihisi, na kila basi lilipoingia shimoni nilikaza dole zaidi. Lingeanguka lile jiwe likapotea chini ya viti, nani angemleta mama? Niliomba kila sala, na nilikuwa mtoto nisiyekumbuka kusali mpaka niitwe: Ewe Mola, ifungwe.

Yule mama wa mandazi aliliona jambo zima kutoka pale kwenye karai lake. "Bambi, mwana wange," alinihurumia siku moja nikishuka na kimfuko changu, "hawa watu wawili wanafanya wewe simu yao." Kisha akampigia baba kelele mle ndani, "Wewe bwana, panda basi wewe mwenyewe! Kwani Mbale kuna simba?" Baba alicheka akaendelea kupiga tupa. Nilichukia ule utani. Nilimwona mama wa mandazi kuwa haelewi, wakati mambo yalikuwa karibu kabisa kutengemaa.

Na kweli, mama alikuja. Ilikuwa siku ya Ijumaa, baada ya sala ya msikitini, wazee wakiwa bado barabarani na kanzu zao. Nilimwona akitokea kona ya soko na ndoo ndogo ya malewa mkononi na mkoba begani. Nikaukimbilia mkoba kabla yake mwenyewe, niupime. Ulikuwa mwepesi. Nikajiambia nguo zitafuata.

Walisalimiana kwa adabu nyingi mno, kama watu waliokutanishwa juzi. "Karibu, mama." "Asante, baba." Mama wa mandazi alileta chai bila kuitwa, akasimama pale akijifanya anangoja vikombe. Mama alikaa kwenye kiti chake cha zamani. Baba aliibana pete kwenye kibano cha mti, akakisogeza mbele ya mama, akampa kijiti, mpini ukitangulia.

Mama aliushika ule uzi uliokuwa umesafiri nasi muda wote, akauvuta taratibu mpaka ukatoka wote. "Bismillahi," akasema, akasukuma upande wa Mbale. Ukingo ukalala juu ya jiwe bila kelele. Baba alipitisha chuma laini kuzunguka pande zote, akaipangusa kwa kanzu yake, akampa. Mama akaivaa. Niliruka nikapiga makofi. Nilisema, "Sasa unabaki!"

Mama hakunitazama. Alikuwa anamtazama baba. "Na wewe?" akamuuliza. "Kule Mbale wazee wanatafuta sonara, hawapati. Ile chumba ya mbele ni kubwa. Mimi nitapanga vitenge upande moja, wewe uweke meza yako upande ingine. Kuja, bwana."

Mguu wa baba ulitulia, na mkononi hakuwa na kazi yoyote. Nilikuwa sijawahi kumsikia mtu akimwomba baba ahame, na yeye nadhani alikuwa hajawahi kujiuliza. Miezi yote ile alikuwa anamvuta mama aje, na mama, nikaelewa pale pale, alikuwa akingoja aje yeye. Mimi nilishaanza kufungasha tupa kichwani mwangu. Meza ingepakiwa juu ya basi! Fuawe ningeipakata mwenyewe.

Baba alikohoa. "Watu wamezoea kunipata hapa," akasema.

"Hata mimi nilizoea kukupata," mama akamjibu.

Alingoja. Alikunywa chai hadi tone la mwisho, akasuuza kikombe, akakirudisha kwa mama wa mandazi. Baba alikuwa amekwisha kuchukua pete nyingine na tupa, kichwa kimeinama. Mama alinibusu kwenye paji la uso, akaniambia nile malewa kabla hayajachacha, akaenda kuwahi basi la alasiri. Pete ilikuwa kidoleni mwake. Ilishika kweli, hata ukucha usingepata pa kuingia.

Hawakuachana. Mama aliivaa ile pete hadi siku tuliyoosha maiti yake, na ni mimi niliyeivua kidoleni. Baba alikaa kibarazani pale mpaka macho yakamwishia, kisha akakaa tu. Siku hizi pale wanauza vioo vya simu, na mtaa mzima hakuna anayejua kufunga jiwe kwa pande nne. Mimi ninajua, mikono inajua, ila sijawahi kukaa mahali muda wa kutosha kuanza. Niliendelea kwenda Mbale likizo, nikiwa sina chochote cha kushika njiani. Mama aliacha kuuliza habari za kifua. Baba aliacha kuuliza habari za mvua. Nilitaka kuwaambia waivunje tena.

Ndicho kilichonitoa mbio pale dukani kwa kijana yule na gundi yake. Miezi ile pete ilipokuwa wazi nilikuwa na baba na mama wanaozungumza. Na mimi, kila siku, nilikuwa naomba ifungwe.