Rangi ya Mkono Mmoja

Pale kituo cha runinga walimwita Mama Poda, na jina likamganda. Miaka kumi na minne alikuwa akiwapaka wageni wa kile kipindi cha mazungumzo ambacho watu wazima waliacha usingizi kukitazama. Alishapaka wanasoka, waimbaji waliokuja wamelewa chakari, na waziri mmoja aliyetokwa jasho mpaka poda ikawa uji. Chumba chake kilikuwa kama stoo: kiti cha kuzunguka, kioo chenye balbu pembeni, na feni iliyopiga kelele kuliko ilivyopuliza. Humo wakubwa walifunguka. Mtu akifumba macho, akaguswa uso taratibu, hujisahau. Mama Poda alizisikia talaka zao kabla ya magazeti, na hakuna hata moja iliyotoka kinywani mwake.

La kwake nalo alilifungia ndani. Miaka sita nyuma alimzika binti yake wa pekee, waliyemwita Kidoti kwa ajili ya alama ya shavuni. Mumewe, fundi wa majokofu, mara kadhaa alijaribu kuizungumzia siku ile. Kila alipoanza, mkewe aliinuka kwenda kuosha vyombo, hata kama vilikuwa visafi. Mwisho mume naye akanyamaza. Akabaki kumwita mkewe Mama Kidoti, na kumsubiri sebuleni usiku wa kipindi, aone jina lake likipita mwishoni kwa maandishi madogo.

Kipindi kilirekodiwa saa kumi jioni, kikarushwa saa nne usiku. Siku moja mgeni alikuwa mwigizaji ambaye mashabiki walimbatiza Malkia wa Machozi. Alikaa kitini, akavua hereni, akauliza:

"Dada, una mikono ya upole hivi. Una watoto?"

Swali hilo Mama Poda alizoea kulikwepa. Siku ile hata yeye hajui kilichomfungua. Labda ni kwa kuwa yule mwanamke alimgeukia akamtazama usoni, jambo ambalo wageni hawalifanyi. Wao hujitazama kwenye kioo.

"Nilikuwa naye mmoja," akasema.

Basi yakamtoka yote. Jinsi Kidoti, kitandani hospitalini, alivyoomba apakwe rangi nyekundu ya kucha kama wale watu wa kazini kwa mama. Jinsi yeye mama alivyomaliza mkono wa kushoto, akaanza wa kulia, akadhani mtoto anasinzia. "Nikamwambia, usilale, mama, tumebakiza mkono mmoja." Nesi alipotaka kuifuta ile rangi, baba wa mtoto alimshika mkono akasema, "Iache." Wakamzika hivyo hivyo.

Malkia wa Machozi alimkamata vidole, macho yamemlowa. "Pole, dada yangu. Pole sana."

Mama Poda akampaka upya chini ya macho. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi, kifua chake kilikuwa chepesi.

Alisimama nyuma ya kamera, sponji mkononi, kama kawaida. Mtangazaji akamwomba mgeni aseme jambo ambalo hajawahi kumwambia mtu. Mgeni akainamisha kichwa hadi ukumbi wote ukatulia.

"Nilikuwa na mdogo wangu wa kike," akaanza. "Alipenda sana rangi ya kucha."

Yalikuja yote, moja baada ya jingine: kitanda, kichupa, mkono wa kushoto. Hata "Iache" ilikuwamo, ila iliwekwa kinywani mwa baba mwingine. Mtoto hakupewa hata jina. Watu ukumbini walikuwa wakifuta machozi kwa viganja.

Kurekodi kuliposimama kupisha nafasi ya matangazo, Mama Poda akaitwa kumrekebisha mgeni. Dakika moja na nusu. Akamfuta machozi.

"Usinielewe vibaya, dada," mwigizaji akanong'ona. "Lilinitoka tu. Na ona lilivyowagusa."

Baada ya kurekodi alimfuata mtayarishaji, akamsihi kile kipande kikatwe.

"Mama Poda, nakuheshimu," mtayarishaji akasema. "Lakini hicho ndicho kipande cha mwaka. Halafu una ushahidi gani kuwa ni chako?"

Hakuwa nao. Cheti cha kifo hakiandiki habari za kucha.

Alifika nyumbani saa tatu na nusu. Njiani alishajipangia maneno, akayarudia kama mtoto anayetumwa dukani, lakini alipomwona mumewe kakaa mbele ya runinga, yote yalimtoroka.

"Leo tuzime tu. Nimechoka."

"Wewe kalale. Mimi nasubiri jina lako."

Hakulala. Alisimama mlangoni akaacha kile kipande kije. Malkia wa Machozi alipotamka "Iache," mumewe aliipunguza sauti mpaka ikaisha.

"Ulimwambia."

"Nilimwambia. Sikujua kama ata..."

"Miaka sita, Mama Kidoti. Miaka sita nakuomba tumtaje mtoto wetu, unanikimbilia jikoni. Yule ukampa siku moja, ukimpaka poda."

Laiti angefoka. Alizima runinga kabla majina hayajapita, akachukua mto, akaenda kulala karakanani kwake kati ya majokofu mabovu. Tangu siku hiyo, akimwita mkewe, alisema "wewe" tu.

Kile kipande kikasambaa kwenye simu kama moto wa nyasi. Wiki ya pili, Mama Poda alimwona keshia wa duka la dawa ana kucha nyekundu mkono mmoja tu. Kesho yake akaona wasichana wawili kituo cha basi, kisha mwanafunzi, kisha mtangazaji wa habari za asubuhi, ambaye ilimbidi ampake uso huku ule mkono umelala pajani mwake. Wote walikuwa wakimlilia mdogo wa Malkia.

Mwishowe akaenda hospitali ileile, ambako kila Alhamisi akina mama waliofiwa na watoto walikutana kwenye chumba cha mikutano. Viti vya plastiki vilipangwa duara. Zamu yake ilipofika alianza kwa shida, akafika kwenye mkono wa kushoto, akaona wanatazamana.

"Dada," mwanamke mmoja akasema, bila ukali, "hapa kila mtu analia cha kwake. Hiyo tumeiona kwenye runinga."

"Tumvumilie," mwingine akaomba. "Uchungu huchanganya watu."

Mama Poda akafungua pochi, akatoa picha ya Kidoti anacheka, pengo mbele. Ikazungushwa mikono yote. Wakasema ni mtoto mzuri. Kisha ikamrudia, akairudisha pochini, akaomba radhi kwa kuwasumbua, akatoka.

Nyumbani alimkuta mumewe anakula amesimama, mgongo mlangoni.

"Umetoka wapi, wewe?"

"Kazini," akajibu, akapita kwenda kulala na nguo zake mwilini.